Gari Limekaguliwa, Abiria Je?
Maandalizi ya safari ndefu ya familia kwa barabara

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe na Same hadi Moshi hujaa magari ya familia zinazorudi kijijini kula sikukuu na wazee. Ni safari ya takriban kilomita 560, na msongamano ukizidi huchukua kutwa nzima. Siku chache kabla ya kuondoka, gari hupelekwa gereji: fundi hubadilisha oili, hupima upepo wa matairi na kukaza kinachotikisika. Akiridhika, baba wa familia hurudi nyumbani na kutangaza kwamba sasa wako tayari.

Hata hivyo, ndani ya gari hilo hilo ataketi bibi mwenye shinikizo la juu la damu, mjomba anayechoma insulini, mama mwenye ujauzito wa miezi saba, kijana mwenye ugonjwa wa selimundu na mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Ataketi pia dereva mwenyewe, ambaye kwa juma zima amelala saa chache akifunga hesabu za mwaka. Gari limekaguliwa, lakini wao hakuna aliyewakagua. Makala haya yanaeleza namna ya kuyaunganisha maandalizi hayo mawili, la chombo na la mwili, kwa kuwa njiani hasara ya upande mmoja huangukia upande wa pili.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu hizo hazihesabu madhara mengine ya safari yasiyotokana na mgongano: sukari iliyoshuka mgonjwa akiwa kwenye foleni, damu iliyoganda mguuni, au shinikizo lililopanda kwa sababu dawa zilisahaulika mezani. Sehemu kubwa ya madhara haya yote huweza kuzuilika kabla gari halijawashwa.

Ukaguzi wa gari

Matairi, breki, taa na usukani ndivyo vitu vinne vya kwanza. Tairi hukaguliwa kwa mambo matatu. La kwanza ni upepo, ambao hupimwa tairi likiwa limepoa na kujazwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa kukisia. La pili ni kina cha kashata. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kiwango cha chini, na tairi lililokwisha kashata huteleza kwa urahisi barabara ikilowa. La tatu ni umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huweza kuonekana zima kwa nje na bado likapasuka kwa joto la lami na uzito wa mizigo. Tairi la akiba lipimwe pia, kwa sababu mara nyingi hukumbukwa siku linapohitajika, nalo likiwa halina upepo.

Fundi aulizwe pia kuhusu bomba la moshi. Bomba lililotoboka huweza kuingiza ndani ya gari hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kuzimia, huku wenzake wakidhani amelala. Kwa sababu hiyo, si salama kulala ndani ya gari lililofungwa vioo huku injini ikiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Jiko la mkaa lisiwashwe wala kuachwa na makaa ndani ya gari, hata kama ni kwa muda mfupi.

Vifaa vya kubeba ni kizima moto ambacho muda wake haujapita, pembetatu mbili za tahadhari, jeki, spana ya magurudumu, tochi na koti linaloakisi mwanga.

Mizigo na nafasi za kuketi

Mzigo una njia mbili za kudhuru. Ukizidi uwezo wa gari, breki huchelewa kulisimamisha na matairi hupata joto kupita kiasi. Ukiwekwa ovyo, breki ya ghafla huurusha mbele: ndoo ya mafuta ya kupikia au mfuko wa sukari uliowekwa nyuma ya vichwa vya watoto huwa hatari kama jiwe. Mizigo mizito ikae chini kabisa katika buti, ikiegemea migongo ya viti, na ifungwe kwa kamba. Mtungi wa gesi na dumu la petroli visiwekwe ndani pamoja na abiria.

Idadi ya abiria isizidi idadi ya mikanda. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mkanda huweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria hadi kwa nusu. Manufaa hayo ni kwa kila aliyeufunga, wa mbele na wa nyuma. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda huweza kuwa chanzo cha kifo cha aliye mbele yake, kwani gari linapogonga, yeye huendelea kwenda kwa kasi ile ile aliyokuwa nayo.

Mtoto mchanga huketishwa katika kiti maalumu kilichofungwa kiti cha nyuma na kuelekezwa kinyume na mwendo wa gari. Kiti cha namna hiyo hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa, kwa sababu mfuko huo unapofumuka humgonga mtoto kwa nguvu kubwa. Kumpakata mtoto si kumlinda. Gari linapogonga, hakuna mikono, hata ya mama, inayoweza kumzuia, na aliyempakata akiwa hana mkanda humkandamiza kwa uzito wake.

Aidha, mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika chache za kununua maji. Joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Dereva: usingizi nao una kipimo

Familia nyingi huchagua kuondoka usiku ili kukwepa foleni. Dereva aliyeamka saa 11 alfajiri, akashinda kazini, kisha akashika usukani saa 4 usiku, tayari amekaa macho saa 17 kabla ya kuanza safari. Tafiti zimeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho muda huo hupunguza wepesi wa kufikiri na kutenda sawa na mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Atakapofika Same alfajiri ya siku ya pili, atakuwa amekaribia saa 24, na hali yake italingana na ya mwenye kiasi maradufu ya hicho. Hajaonja hata tone, lakini anaendesha kama mlevi.

Kahawa, muziki wa sauti ya juu na upepo wa dirishani huchelewesha usingizi kwa muda mfupi tu. Dawa ya usingizi ni kulala. Dereva alale saa 7 au zaidi usiku wa kuamkia safari, aondoke asubuhi kukiwa na mwanga, na asimame kila baada ya saa 2. Akiona anapiga miayo mfululizo, anasahau alichokipita au anahama mstari bila kukusudia, aegeshe mahali salama na alale dakika 15 hadi 20, au ampe usukani mwenzake mwenye leseni. Saa za hatari zaidi ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana.

Baadhi ya dawa za kawaida huongeza usingizi: klorofeniramini, ambayo wengi huifahamu kama Piriton, promethazini inayotumika kuzuia kutapika, na diazepamu. Dereva mwenye mafua asizimeze kabla ya safari bila kuuliza. Mtu mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa asiendeshe kabisa; na hata akiwa abiria, asikeshe, kwa sababu kukosa usingizi huweza kuamsha degedege.

Abiria mwenye ugonjwa sugu

Shinikizo la damu na moyo. Wagonjwa wengi, hasa wazee, huacha dawa za kukojosha siku ya safari kwa kuogopa usumbufu wa kuomba gari lisimame. Wengine hujinyima maji kwa sababu hiyo hiyo. Hofu hiyo inaeleweka, kwani ni aibu kwa bibi kumsimamisha mkwewe kila baada ya nusu saa. Lakini mwenye moyo dhaifu anaporuka dozi, maji huweza kujaa mapafuni na miguuni. Na dawa kama atenololi na propranololi zikikatizwa ghafla huweza kuleta mapigo ya kasi na maumivu ya kifua. Njia sahihi ni kumwuliza mhudumu wa afya mapema: dawa ya kukojosha mara nyingi huweza kusogezwa ikanywewa baada ya kufika, siku hiyo hiyo, badala ya kuachwa. Familia nayo itangaze vituo vya kusimama kabla ya kuondoka, ili asiwepo wa kuona haya kuomba.

Kisukari. Foleni huchelewesha chakula, lakini dawa iliyokwisha kuingia mwilini haisubiri. Anayetumia insulini au glibenklamidi huweza kushukiwa sukari: hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio, huchanganyikiwa au kuwa mkali bila sababu. Apewe mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula kamili. Akiwa amezimia asitiliwe kitu chochote kinywani; awahishwe hospitali. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa ndiye dereva, apime sukari kabla ya kuondoka na kila baada ya saa 2, na asiendeshe ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita. Ikiwa imeshuka chini ya 4, asirudi kwenye usukani hadi zipite dakika 45 tangu iliporejea katika hali ya kawaida.

Insulini huharibiwa na joto na pia huharibiwa na kuganda. Isiwekwe juu ya dashibodi wala katika buti. Isafirishwe katika kikasha cha baridi, ikiwa imezungushiwa kitambaa ili isigusane na barafu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi za insulini, hudumu takriban wiki 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25 hadi 30, mbali na jua. Maelezo ya kila aina yasomwe kwenye kikaratasi chake.

Selimundu. Upungufu wa maji na baridi huweza kuamsha maumivu makali. Kijana huyu ahitaji chupa ya maji isiyotoka mkononi mwake, na sweta lililo karibu, si lililofungiwa chini ya mizigo, kwani kiyoyozi cha gari na usiku wa milimani vyote vina baridi. Abebe dawa zake za kila siku na za maumivu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kifua kubana au kupumua kwa shida si mambo ya kusubiri hadi kufika. Apelekwe hospitali iliyo karibu.

Mjamzito. Ujauzito usio na matatizo haumzuii mama kusafiri, lakini ni vema amwone mkunga kabla, na asisafiri mbali wiki za mwisho. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Kadi ya kliniki asafiri nayo mkononi. Kutoka damu, maji kupasuka, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kwenda hospitali papo hapo. Nchini Tanzania, namba 115 hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga.

Kuketi muda mrefu

Kuketi saa 4 au zaidi bila kutembea huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo. Huwa kubwa kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki 6, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na aliyewahi kupata tatizo hilo. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Bonge la damu likihamia mapafuni huleta kukosa pumzi ghafla na maumivu ya kifua. Dalili huweza kutokea siku au hata wiki kadhaa baada ya safari, hivyo mgonjwa anayefika kituoni Januari akilalamika mguu aulizwe alisafiri lini.

Kinga yake ni nyepesi: kusimama kila baada ya saa 2, kutembea dakika 5, kunywa maji, na kukunja na kukunjua vifundo vya miguu gari likiwa linakwenda. Kituo kimoja hutibu mambo mengi. Dereva hupumzika, bibi huenda msalani bila kuona haya, mjomba hupima sukari na kula, mama hunyoosha miguu, mtoto hunyonya akiwa salama nje ya mwendo. Muda unaoonekana kupotea hapo ndio uliotumika vizuri kuliko wote.

Mfuko wa dawa

Dawa zihesabiwe kwa siku za kwenda, za kukaa na za kurudi, kisha ziongezwe za siku 7, kwa kuwa magari huharibika, misiba hutokea na wazee huomba wageni wasiondoke mapema. Hii ni muhimu zaidi kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, za kifua kikuu, za kifafa na insulini, ambao kukatisha dozi kuna madhara makubwa. Dawa zibaki katika vifungashio vyake vyenye majina, na zikae katika mkoba wa mkononi. Ndani ya mkoba huo kuwe na karatasi yenye jina la mgonjwa, ugonjwa, dawa na vipimo vyake, mzio alionao na namba ya simu ya ndugu, pamoja na kadi ya bima ya afya. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na glovu, bandeji, pamba, plasta, mkasi, parasetamoli na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.

Ikitokea ajali

Dereva asimamishe gari mahali salama, awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu mbali kiasi cha kuwapa wengine nafasi ya kupunguza mwendo. Polisi hupigiwa 112. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114. Anayevuja damu akandamizwe kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Majeruhi asivutwe kutoka garini isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya papo kwa papo, kwa sababu kuvutwa huweza kuudhuru uti wa mgongo. Asipewe maji wala chakula. Inafaa pia familia ijue mapema hospitali zilizo njiani. Katika barabara hii ziko, miongoni mwa nyingine, Tumbi mjini Kibaha, Magunga mjini Korogwe, na Mawenzi na KCMC mjini Moshi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kliniki za magonjwa sugu za mwezi Novemba na mwanzoni mwa Desemba ndipo mahali pa kuzuia mengi ya haya. Swali moja linatosha kuanzia: "Una safari sikukuu hii?" Jibu likiwa ndiyo, mhudumu apime shinikizo au sukari, atoe dawa za kutosha hadi tarehe ya kurudi, aeleze namna ya kupanga saa za kunywa dawa, na aandike muhtasari mfupi ambao mgonjwa ataweza kumwonyesha mganga wa mahali asikojulikana. Kazi hiyo huchukua dakika chache, ilhali mgonjwa asiyeulizwa huweza kurudi Januari akiwa na kiharusi, au asirudi kabisa.

Kwa familia, usiku wa kuamkia safari utumike kwa ukaguzi wa mwisho. Kila abiria aulizwe: dawa zako ziko wapi, umeketi wapi, mkanda wako unafungika? Kisha dereva aulizwe swali lake la peke yake: umelala? Jibu likiwa hapana, safari iahirishwe hadi asubuhi, kwani wazee wanaosubiri kijijini hawakuomba wageni wafike mapema. Waliomba wafike salama.